Uso wa Delila Kwenye Kadi ya Chakula

Carrow Falls, 9 Februari

Dada Saloma,

Barua yako ya Krismasi ilifika imelowa theluji, nikaianika juu ya jiko kama soksi. Nimeisoma yote, hata maneno yaliyoyeyuka. Miaka kumi na saba tangu niondoke huko na bado hujachoka kuniandikia, ingawa najua wapo wanaokutazama kwa jicho la pembeni kila ukinunua stempu.

Nina ombi. Tangu Clayton aangukiwe na gogo kule kiwanda cha mbao, mgongo wake haujawa mgongo tena. Tunakula kwa kadi ya chakula ya serikali. Naipitisha kwenye mashine dukani, napata unga, maharage na maziwa. Usinune. Najua huko hampokei cha serikali, na mtu mwenye ghala lililojaa viazi ni rahisi kuwa na msimamo.

Sasa jimbo limetoa amri. Kuanzia Aprili kila kadi iwe na picha ya mwenyewe, eti watu wanauziana kadi. Usipokuwa na picha, kadi yako inazimwa. Na mimi, dada, sijawahi kupigwa picha. Kofia ya sala nilivua, nikaolewa na mtu wa nje, nina umeme na redio, lakini amri ya pili niliondoka nayo: usijifanyie mfano wa kitu chochote. Hata harusi yangu haina picha. Clayton huwaambia watu, "Mke wangu mzuri mno, kamera zinamwonea haya."

Yule mama wa ofisini ni mtu mwema. Ameniambia, "Kama dini yako inakataza, leta barua ya mkuu wa kanisa lako, aseme wewe ni muumini wao. Tutakupa kadi isiyo na picha." Nilitoka nacheka peke yangu barabarani. Mkuu wa kanisa si kaka yetu Menno? Kura ya uaskofu ingeweza kumwangukia jirani yeyote, ikamwangukia aliyenifundisha kukamua ng'ombe.

Mwombe, Saloma. Mistari miwili tu. Najua nilitengwa na kanisa, lakini damu nzito kuliko maji, na sijasikia mtu aliyeingia motoni kwa mistari miwili.

Mama hajambo? Mshike mkono kwa niaba yangu.

Delila


Weaver Run, 21 Februari

Mdogo wangu Delila,

Tumshukuru Mungu kwa pumzi. Huku mchana baridi imeanza kulegea, watu wametoboa miti na wanachemsha utomvu wake wapate shira, na moshi umeingia mpaka kwenye mashuka niliyoanika. Farasi wetu Bess amevimba goti. Tulishona mfarishi wa viraka kwa ajili ya bibi harusi wa jirani, na kama kawaida, aliyeshona vibaya ndiye aliyeongea sana.

Ombi lako nimelisoma. Kwa Menno sijafika bado. Usidhani namwogopa. Basi, namwogopa kidogo. Tangu awe askofu hacheki, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili zilizojaa maziwa. Nitatafuta siku yake nzuri.

Lakini nikwambie jambo moja, Delila. Mama anauliza. Kila barua yako ikifika swali lake ni lile lile: "Delila hajapigwa picha bado?" Nikimjibu bado, hushusha pumzi na kusema, "Basi njia ya kurudi haijafungwa." Kofia ulivua, lugha yetu umeichanganya na yao, lakini uso wako hakuna aliyeuchukua. Hilo ndilo lililobaki mikononi mwa mzee. Usimpokonye.

Yeye mzima, ni macho tu. Nakutumia tambi za mayai na matufaha makavu.

Dada yako,
Saloma


Carrow Falls, 4 Machi

Dada,

Tambi zimefika. Clayton kala sahani mbili na kutangaza kwamba sasa yuko tayari kubatizwa, ila iwe ndani ya mchuzi.

Unaniandikia goti la farasi, na hali ya Mama unaipa maneno matano. "Macho tu" maana yake nini? Anaona au haoni?

Na Menno usimzunguke. Nenda umwambie. Mimi najua anavyoona haya, na najua anavyoificha. Unakumbuka mazishi ya Baba? Mlinipangia meza yangu pembeni ya yenu, mkaacha upenyo wa kiganja katikati, kisha mkatandika kitambaa kimoja juu ya zote mbili ili wageni wasijue kwamba mnakula na mtu aliyetengwa. Mimi nilisahau. Nikaweka kikombe changu pale pale katikati, kikazama, kahawa ikamwagikia mapaja yangu. Hakuna aliyenipa hata kitambaa, maana kupeana kitu na mimi mkono kwa mkono ni kosa. Menno alikuwa amekaa mbele yangu. Alitazama sahani yake mpaka nikamaliza kujifuta.

Sikuandikii haya kwa kinyongo. Nayaandika ili ujue kwamba anaweza kunisaidia bila kunitazama. Kalamu na karatasi vinatosha.

Clayton anasema nisisumbuke na maaskofu. "Nenda kapigwe," anasema, "uso si figo, hawautoi." Nikamwambia hajui kitu. Lakini Mama akiuliza tena, mwambie bado. Mwambie naushikilia.

Chakula tunacho, msihangaike.

Delila


Weaver Run, 16 Machi

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Nilimkuta zizini anamnywesha ndama kwa chupa. Hata sijafungua mdomo akasema, "Wiki nzima unazunguka boma langu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sema."

Nikamweleza kadi, picha, barua. Akamshikilia ndama chupa mpaka ikaisha.

"Wanataka niandike kwamba ni muumini wetu?"

"Ndiyo. Mistari miwili tu."

"Mistari miwili ndiyo iliyomtoa pia, Saloma. Siku ile nilikuwa benchi la tatu. Tulipoulizwa kama atengwe, nikasema ndiyo na wenzangu. Leo niiambie serikali kwamba ni wetu? Huo ni uongo, tena wenye sahihi."

"Ni dada yako, Menno!"

"Unadhani nimesahau? Kila nikipanda mbegu nahesabu mikono, naona mmoja haupo." Kisha akasema polepole, "Aje. Apige magoti mbele ya kanisa, akae huku. Nitasaini kabla hajainuka."

Nikamuuliza, na mumewe je, mgonjwa yule? Akageuka kumfuta ndama pua.

Delila, mimi nakuomba. Usiende kwenye kamera yao. Nitakutumia sanduku, viazi, maharage ya chupa, jemu ya matufaha, kila mwezi nikiweza. Na ufikirie hilo la kurudi. Mama anauliza kila siku.

Saloma


Carrow Falls, 27 Machi

Saloma,

Kwa hiyo mkinihitaji nipige magoti, mimi ni wenu. Nikihitaji mkate, si wenu. Mwulize askofu: kama mimi si wa kanisa lake, hii sheria nitakayoilalia njaa ni ya nani?

Nirudi, na Clayton nimwache na nani? Mtu asiyeweza kuvaa viatu vyake mwenyewe? Nimwambie, baba, kaa hapo kitini, naenda kuwa mtakatifu?

Sanduku limefika. Chupa mbili za maharage zilipasuka njiani na kila kitu kinanuka siki. Tumekula yaliyopona. Nashukuru, na nimekasirika, yote mawili.

Lakini mwambie Mama uso wake bado upo. Nasema uso wake kwa sababu ni yeye aliyenipa. Sitakwenda kwenye kamera. Si kwa ajili ya Menno. Kwa ajili yake.

Delila


Carrow Falls, 15 Aprili

Shemeji Saloma,

Mimi Clayton. Hatujawahi kuandikiana, na mkono wangu ni wa msumeno, vumilia. Delila hajui kama naandika. Jirani ndiye atakayeitia posta.

Kadi ilizimwa mwanzo wa mwezi. Amewaambia tunacho chakula? Hatunacho. Sanduku lako lilikwisha. Kuna kanisa hapa mjini linagawa vyakula vya makopo mara moja kwa wiki, naye huenda kupanga foleni, lakini hakitoshi watu wawili. Kila jioni ananiwekea sahani, anakaa mkabala na mimi na kikombe cha chai, anasema, "Mimi nilionja onja wakati napika." Shemeji, mimi nimelala chali mwaka mzima, sina kazi ila kusikiliza. Najua mlio wa kijiko cha mtu anayeonja. Haonji.

Juzi kaanguka mbele ya jiko. Nilisikia kishindo, na ilinichukua muda mrefu kufika kwa kutambaa. Nilipofika alikuwa ameshafungua macho, akaniambia niache kutambaa sakafu ina baridi.

Nimembembeleza, nimemfokea, nimemtania. Anasema Mama yake atavunjika moyo. Mimi simjui huyo mama, hajataka kunijua, na simlaumu, binti yake mzuri nilimchukua mimi. Lakini hakuna mama anayetaka hivi. Mwambieni apigwe hiyo picha. Mimi hanisikii. Nyinyi mliomtenga ndio anaowasikia, na hilo linaniuma kuliko mgongo.

Clayton Pelkey


Weaver Run, 22 Aprili

Delila,

Mumeo ameniandikia. Usimgombeze, alikuwa na haki zaidi yangu.

Nenda kapigwe picha. Nenda leo. Barua hii ikikukuta asubuhi, usisubiri mchana.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na tumeficha wote wawili. Sasa sikiliza la kwangu. Mama hajawahi kuuliza kuhusu picha. Hata mara moja. Mama alipigwa na kiharusi mwezi wa Oktoba. Upande mmoja umelala, na akili inakuja na kuondoka. Siku nyingi ananiita Delila. Namlisha uji, ananishika kidole ananiambia, "Delila, umekonda." Nami namjibu, "Ndiyo, Mama." Sikukuambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja tungekuwekea meza ile, na nisingeweza kuitandika tena kwa mikono hii.

Anayeuliza kama umepigwa picha ni mimi. Anayeshusha pumzi ni mimi. Nilijua ukisikia ni Saloma anayetaka, ungecheka na kwenda zako. Nikaweka maneno yangu kinywani mwa mama mgonjwa. Nilijiambia siku uso wako ukiwa kwenye plastiki ya serikali hutarudi tena, na mimi nitabaki mzee huku bila dada. Nilitaka urudi, Delila, nikakuacha uanguke kwa njaa mbele ya jiko kwa sababu ya kutaka kwangu.

Nakutumia tena sanduku, safari hii hakuna chupa.

Saloma


Carrow Falls, 9 Mei

Saloma,

Nilikaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kuijibu. Mara ya kwanza niliitupa kwenye kapu la kuni. Clayton akasema, "Ukiichoma hutapata tena wa kumkasirikia." Nikaitoa.

Mama yuko kitandani tangu Oktoba, na wewe unaniandikia goti la farasi! Sijakusamehe yote. Nimekusamehe ile sehemu ya uji, ya kuitika kwa jina langu. Nyingine nitaisamehe kidogo kidogo, kama mtu anavyolipa deni la duka.

Nimepigwa. Yule mama wa ofisini aliniweka kwenye kiti mbele ya ukuta mweupe. Akaniuliza kama nataka kuvua kitambaa cha kichwa, nikasema hapana, akasema sawa mama, kaa nacho. Halafu akasema, "Tazama hapa." Dada, sikujua kinachofanyika. Nikainamisha kichwa kidogo, nikafumba macho, nikaanza kusali, kwa sababu mtu akikukalisha kimya na kukuambia utulie, sisi tunajua kitu kimoja tu cha kufanya. Taa ikamulika nikiwa katikati ya "Baba yetu".

Yule mama alikuwa anaongea na mwenzake, hakuona. Kadi ikatoka mtu amefumba macho. Clayton alicheka mpaka mgongo ukamkaba: "Wamekutoa marehemu! Tutakula kwa kadi ya maiti!" Nikarudishwa ofisini, wakasema haifai, lazima macho yaonekane. Wakanipiga nyingine. Kwenye hiyo ya pili nimekodoa kama bundi. Ile ya kwanza wakaizima na kuniambia niikate kwa mkasi.

Na sasa sikia. Nilikwenda dukani na kadi mpya, nimejiandaa kuonyesha uso wangu kwa keshia. Nikaipitisha kwenye mashine. Msichana akaniuliza kama nataka mfuko. Hakuitazama. Wiki iliyofuata mwingine, hakuitazama. Tangu nianze kuitumia, hakuna mtu hata mmoja aliyetupa jicho kwenye uso ule. Nilikaa njaa mwezi mzima kwa ajili ya kitu ambacho hakuna anayekiangalia. Nilifika nyumbani nikalia juu ya mkate.

Ile ya kwanza sikuikata. Nilipoitazama vizuri niliona si mimi. Ni Mama anavyokaa kabla ya chakula, kidevu kile kile. Nimeiweka ndani ya barua hii. Ni kadi mfu, hainunui hata kiberiti. Ichome, au uifiche, au umpe Menno aihubirie. Mimi nilitaka tu iwe nyumbani.

Delila


Weaver Run, 23 Mei

Mdogo wangu,

Sikuichoma.

Niliificha kwenye mfuko wa aproni nikaingia kumlisha Mama. Siku hiyo akili yake ilikuwa karibu. Nikasema potelea mbali, nikaitoa nikamwekea kwenye mkono ulio mzima. Akaileta karibu na jicho lake, akaisogeza, akaileta tena. Sikumsikia Menno akiingia. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anatazama picha ikiwa mkononi mwa mama yake, mama wa askofu.

Nilimngoja aseme yeye.

Akasogea. Nadhani alitaka kuichukua. Akainama akauliza kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto, "Mama, hicho ni nini? Huyo ni nani?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeuliza upuuzi.

"Wewe nawe! Si Delila wetu."

Kisha akaifunika kadi kwa kiganja, akashusha sauti. "Amelala. Msimwamshe."

Menno alisimama pale. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa na hakujua auweke wapi. Halafu akatoka, na kupitia dirishani nilimwona kwenye pampu ya maji anapampu, anapampu, na ndoo hajaweka.

Mama hajaiachia kadi hiyo. Nikimwosha anaihamishia chini ya mto. Tangu siku ile haniiti Delila tena. Ananiita Saloma.

Dada yako,
Saloma


Weaver Run, 4 Juni

Delila,

Mama amepumzika alfajiri ya leo. Hakuteseka. Saloma alikuwa naye, na mimi nilikuwa naye.

Barua hii anakuletea mwenye gari tuliyemkodi. Ameagizwa akusubiri mpaka uwe tayari, hata kama ni usiku. Nyuma ya gari tumeweka godoro kwa ajili ya mumeo. Mazishi yatawangoja.

Humu ndani utakuta karatasi nyingine. Ni ile uliyoiomba Februari. Imeandikwa hivi: "Kwa ofisi inayohusika. Delila, binti wa Eli Yutzy, ni wetu. Menno Yutzy, askofu." Najua haina kazi kwao tena, umeshapata kadi. Nimeiandika hata hivyo. Nilisema itakuwa uongo wenye sahihi. Lakini Mama alisema "wetu" mbele yangu, na mimi nimeandika kile nilichosikia kwa masikio yangu. Kanisa likiniuliza, nitajibu hivyo.

Wanawake waliomvalisha Mama wamekuta kadi kiganjani mwake, vidole vimeifunga. Walikuja kuniuliza kama waitoe. Nilikuwa natazama dirishani. Niliendelea kutazama nje, wakaiacha mumo humo.

Kesho watu watakula hapa baada ya kaburini. Meza nimezipanga mimi mwenyewe, sikumwachia Saloma. Nimezisukuma, kisha nikapitisha kiganja katikati kabla ya kutandika kitambaa. Zimegusana.

Njoo.

Kaka yako,
Menno